Mistari Mitatu Juu ya Karatasi ya Tembo

Katika sebule yangu hapa Dodoma nimetundika picha moja ndogo ya kuchapwa, ambayo tangu sasa nitaiita chapa. Karatasi yake ni nene, ina rangi ya mchanga, na kingo zake hazikupita mkasi wala kisu. Ndani yake mna mistari mitatu ya wino mwekundu unaofanana na ngeu: mmoja mrefu umelala chini, na miwili mifupi imesimama juu yake, mbalimbali, kama watu wawili wasiosalimiana. Sehemu iliyobaki ni tupu. Chini kabisa mchapaji ameandika kwa penseli neno *Kiangazi*, kisha tarakimu 3/12, kisha saini yake.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alipokuja kunitembelea kutoka kijijini alisimama mbele ya chapa hiyo kwa muda, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele ya daftari la mwanafunzi.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtoto wa watu ulimlipa kabla hajamaliza kazi?"

"Amemaliza, Baba. Ndivyo ilivyo."

"Basi mwalimu wake naye hakuridhika. Amempa tatu kati ya kumi na mbili."

Nilicheka, nikamweleza kwamba tarakimu hizo si maksi: kibao kimoja kilichongwa, kikapakwa wino, kikatoa nakala kumi na mbili, na hii ni ya tatu. Hilo alilielewa. Lakini aliponiuliza kwa nini mtu mwenye wino wa kutosha na karatasi ya kutosha achore mistari mitatu tu, nilijikuta natafuta maneno. Nilikuwa na neno la Kizungu kinywani, nikalimeza. Kwa mtu anayependa lugha yake, kukosa neno mbele ya mzazi ni aibu. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza. Imetengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Jambo hili huwachekesha wageni wangu, lakini halina ajabu. Tembo hula majani, magome na matawi kwa wingi mno, na tumbo lake haliwezi kusaga yote. Nyuzi nyingi za mimea hutoka nzima. Mtengenezaji huziosha nyuzi hizo, huzichemsha kwa saa nyingi, huziponda, na mara nyingi huzichanganya na karatasi chakavu hadi zipatikane rojo. Rojo hilo huelea katika beseni la maji. Huingiza humo fremu yenye wavu, akainua taratibu, maji yakachuja, na juu ya wavu ukabaki utando mmoja wa nyuzi zilizoshikana. Utando huo hulazwa juu ya kitambaa, hukandamizwa, kisha huanikwa. Ukiipandisha karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha, utaziona nyuzi zenyewe: hapa bua, pale ukoka, pengine kipande cha gome.

Katika nchi yetu kazi hii inajulikana zaidi kutoka Iringa, kilomita 260 hivi kusini mwa hapa, kwa jirani zetu wa nyanda za juu. Mwaka 2003 ilianzishwa huko karakana ya Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana viziwi watatu waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono. Nami kila nikiitazama chapa yangu hukumbuka kwamba mji huu wenyewe, kwa masimulizi ya wazee, una deni kwa tembo. Husemwa kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa katika tope, akazama. Wagogo walioshuhudia wakapaita Idodomya, yaani mahali palipodidimia, na jina hilo ndilo lililokuja kutamkwa Dodoma.

Sasa tutazame majina. *Karatasi* tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. *Kalamu* limekuja kwa njia iyo hiyo, na asili yake ni tete la kuandikia. *Chapa* limetoka Bara Hindi. Majina yamesafiri pamoja na vitu. Washairi wa Pate na Siyu waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu juu ya karatasi iliyoletwa kwa bahari, nyingi ikiwa imetengenezwa Ulaya. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani ina tarehe ya mwaka 1728, ni wa Kiswahili katika kila mzani wake, lakini ulikaa juu ya karatasi ya wengine. Mafunjo yaliota tele katika vinamasi vya Afrika Mashariki, na bado karatasi tuliinunua. Kwa karne kadhaa tumekuwa watu wenye maneno yetu na karatasi ya kuazima. Ndiyo maana kijana anapochovya fremu katika beseni la nyuzi za nyasi za Ruaha, kwangu mimi anafanya jambo la kihistoria, hata kama yeye anawazia kodi ya chumba tu.

Lakini neno *chapa* lilipofika bara lilikuta kazi nyingine ikilingoja. Kwa mfugaji wa uwanda huu wa kati, chapa ni alama ya chuma cha moto juu ya ngozi ya ng'ombe. Mwaka 2010 Bunge lilitunga hata sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Alama ya namna hiyo haiwezi kuwa na mapambo. Ni herufi, au mstari na nusu duara, na yatosha. Inabeba jambo zito kwa mistari michache, maana mahakamani mistari hiyo ndiyo itakayosema ng'ombe ni wa nani.

Huenda utaniambia kwamba hiyo ni alama, na sanaa ni kitu kingine. Ni kweli kwamba tukitaja uchoraji wa Tanzania, wengi huona picha iliyojaa. Huona twiga, pundamilia, ndege, soko na mabasi, hata pasibaki mahali pa kuweka kidole. Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu juu ya kibao cha mraba, na nyuma yake rangi moja. Waliomfuata ndio walioijaza nafasi. Mwaka huohuo wa 1972 Sista Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, na humo vijana wakajifunza, pamoja na mengine, kuchapa picha kutoka katika bamba lililochongwa. George Lilanga alifanya kazi hapo, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza wakajaza kila kona. Ninaipenda kazi hiyo. Hata hivyo, inatoka pwani na kusini, katika nchi ya mvua na misitu. Nilitaka kujua uwanda wetu huu mkavu ulichora nini.

Jibu liko Kolo. Ukienda kaskazini kutoka Dodoma kwa barabara ya Kondoa na Babati, baada ya kilomita 180 hivi unafika kijiji hicho, na juu yake, katika miteremko inayotazama Bonde la Ufa, kuna mapango na miamba yenye michoro. Eneo zima lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Idadi ya miamba iliyochorwa hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Michoro ya kale zaidi ni myekundu, na huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji ambao Wasandawe ni jamaa zao. Michoro myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole, ilikuja baadaye pamoja na wakulima.

Nilipanda kwenda Mungomi wa Kolo asubuhi moja ya Agosti, nikiwa na mwongozaji wa kijijini. Pango hilo halijawa makumbusho tu. Wenyeji bado huenda huko kuomba mvua na uponyaji. Nilichokiona kilininyamazisha. Watu wembamba kama mabua, kila mwili umechorwa kwa mistari michache mirefu, vichwa vimevimba kwa nywele au kwa vifuniko. Miongoni mwao wapo watu watano. Wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Hakuna ardhi chini yao wala mti, na jua halimo. Mary Leakey aliona hapo mwanamke anayetekwa na wengine wanaomtetea. Watafiti wa baadaye wameona ngoma ya tiba, na mtu aliyepandisha anayesaidiwa asianguke. Mistari ni ileile, na imeruhusu yote mawili. Aliyechora aliacha nafasi, na watazamaji wa kila zama wameingia humo na mawazo yao.

Jambo la pili nililoliona ni jiwe. Mchoraji hakulitendea kama ubao mtupu. Rangi nyekundu imelala juu ya mwamba wa kijivu na wa rangi ya asali, wenye nyufa, madoa na vijito vya maji ya mvua za kale. Pale jiwe linapobonyea, mwili nao unabonyea. Mistari ilikuwa michache kwa sababu jiwe lilikuwa tayari limesema mengi.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya Mary Leakey, na pia hasara yake. Mwaka 1951 alikaa Kondoa kwa miezi kadhaa akinakili michoro hiyo kwa kufuatisha mstari baada ya mstari, na nakala zake zilitolewa katika kitabu mwaka 1983. Jina la kitabu hicho linasema wazi kwamba sanaa hii inatoweka. Mtanzania mwenzetu Fidelis Masao naye alikuwa amechimba na kuchunguza miamba ya uwanda wa kati, na kitabu chake kilitoka mwaka 1979. Bila wao tungejua kidogo sana, maana jua, maji, moshi wa wachungaji na majina ya wageni yaliyochorwa kwa mkaa havikupumzika. Wapo hata waliochimba sakafu za mapango wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani. Kwa hiyo namshukuru aliyenakili. Lakini katika kitabu, watu wale watano wamesimama juu ya ukurasa laini, safi, usio na ufa. Mistari imehama, jiwe limebaki. Na mistari michache isiyo na jiwe lake ndiyo inayomfanya baba yangu aulize kama kazi imekwisha.

Nikairudia chapa yangu kwa macho mengine. Kijana aliyeichapa angeweza kutumia karatasi nyeupe ya dukani, nayo ingepokea wino sawasawa. Karatasi ya tembo haipokei sawasawa. Mahali penye bua wino umeruka; mahali penye ukoka umezama. Ule mstari mrefu wa chini, ukiutazama kwa karibu, una mapengo kama barabara ya vumbi. Kibao kilichongwa na kijana, lakini mapengo yalichongwa na nyasi. Kwa kutengeneza karatasi yenye mwili, amewarudishia mistari jiwe lao.

Wala si wetu peke yetu waliolijua hili. Zarina Hashmi, aliyezaliwa Aligarh mwaka 1937 na kufariki London mwaka 2020, alichapa mara nyingi kwa vibao vya mbao juu ya karatasi zilizotengenezwa kwa mkono. Katika mfululizo wake wa chapa 36 wa mwaka 1999, *Home Is a Foreign Place*, kila chapa ilianza na neno moja la Kiurdu kuhusu nyumba na kuhama. Mwaka 2001 alichapa mstari mmoja mweusi, uliopinda na kuchongoka, ukishuka katikati ya karatasi: ndio mpaka uliozigawa India na Pakistani mwaka 1947, ambao hatimaye uliwatenganisha wazazi wake naye. Hakuchora mkimbizi hata mmoja, wala treni. Sidhani kama kuna anayeutazama mstari ule na kuuliza kama wino uliisha.

Basi neno. Nilijaribu *uchache*, lakini uchache ni hesabu tu. Nilijaribu *ufupi* na *muhtasari*, lakini hayo ni ya hotuba. *Haba* lina harufu ya upungufu, hata kama haba na haba hujaza kibaba. Mwishowe nikatua kwenye *uwekevu*. Kamusi huueleza kuwa ni tabia ya kutotumia mali ovyo. Tazama asili yake: mwekevu ni mtu anayeweka. Hatumii, kwa sababu ameweka. Kitu kipo, ila hakipo mbele yako.

Katika Ugogo neno hili lina historia. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na huja katika msimu mmoja. Karne iliyopita, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana. Ikaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo huiita Mtunya. Mwaka ule ule wa 1917, Ihumwa, mashariki kidogo ya mji huu, alizaliwa Mathias Mnyampala. Alikua akawa mwandishi wa historia na mila za Wagogo, na mshairi aliyeikuza ngonjera, akaiandikia chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mshairi wa kanuni kama yeye alikuwa na mizani kumi na sita kwa mshororo na mishororo minne kwa ubeti. Jumla mizani sitini na nne, hata kama moyoni ana huzuni ya mwaka mzima. Yasiyoingia katika sitini na nne huwekwa. Wasomaji wa ukurasa huu wanalijua hilo kuliko mimi: ubeti mzuri una mengi yaliyobaki nje ya mlango, nawe unayasikia yakipumua.

Nilimweleza Baba haya yote alipokuja tena baada ya mavuno. Nilieleza kwa maneno mengi mno, naogopa. Alivaa miwani, akaisogelea chapa, akaigusa pembeni kwa kidole kimoja.

"Huu ni ukoka," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na hii ni ng'ambo ya korongo, wakati wa kiangazi. Miti miwili." Akanyamaza kidogo. "Ulisema ziko kumi na mbili. Hizo kumi na moja ziko wapi?"

Nikamwambia sijui, zimeuzwa, zimegawiwa, nyingine ziko Arusha, nyingine labda Ulaya.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanikumbusha kwamba babu yangu hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine walikuwa kwa rafiki Mpwapwa, wengine kwa shemeji upande wa Manyoni, na walipokosekana majani hapa, au ugonjwa ulipoingia, kulikuwa na walioponea huko. Ndivyo Wagogo wengi walivyofanya: ng'ombe huwekwa kwa watu, na urafiki hulindwa kwa ng'ombe hao.

"Kule Kolo ulikokwenda," akasema, "jiwe ni moja tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimehangaikia mistari na nyuzi, nikasahau maana ya tarakimu zilizoandikwa kwa penseli. Mwamba wa Mungomi hauna nakala ya pili; siku utakapobanduka, umebanduka. Chapa ya kijana huyu ikiliwa na mchwa ukutani mwangu, zimebaki kumi na moja kwa marafiki nisiowajua, kila moja ikiwa na mapengo yake, kwa kuwa hakuna karatasi mbili za tembo zinazofanana.

Baba ameondoka na neno *uwekevu*, akasema atalitumia kanisani. Nami nakuomba wewe msomaji: kama kwenu kuna neno lililo bora zaidi, la Kigogo, la Kirangi, la Kisandawe au la Kiswahili cha mahali ulipo, lilete. Na kama uko karibu na Kondoa, nenda kaione miamba ingali hapo. Ukifika, usiguse, wala usiandike jina lako.